Mapigo Sabini na Sita

Bukavu, jioni, kesho ukisafiri

Nabintu mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa korali, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia kabla hamjaimba nyimbo zote mnazozijua na mbili msizozijua. Nina muda wa kuandika. Valizi yako iko mlangoni, imefungwa kwa kufuli, na juu ya kufuli kwa kamba, maana tante Faida hana imani na kufuli. Wiki nzima amekueleza habari za chandarua, maji ya kuchemsha, wanaume wa Kinshasa na namna ya kushona mfuko ndani ya gauni. Hapo sina la kuongeza. Tante akishapita kwenye jambo, anayefuata nyuma hapati hata la kuokota.

Mimi nina neno moja tu, nalo nimelikalia miaka minane. Mara nyingi nilitaka kukuambia, na kila mara nikapata kazi ya mikono: redio ya jirani imeharibika, pasi ya tante haishiki moto. Unanijua. Nikiona aibu natafuta bisibisi.

Kilichonisukuma leo ni maneno uliyoyasema mwenyewe. Wiki tatu zilizopita mlikuwa kwenye baraza, wewe na rafiki yako Sifa, mkichambua majani ya sombe. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, na redio ya mtu mikononi. Sifa akakuuliza swali ambalo mtaa mzima unajiuliza: wewe uliyekuwa wa kwanza shuleni katika biokimia, wewe ambaye walimu walikwisha kukuita daktari kabla hujamaliza, kwa nini umejiandikisha biashara? Nikaacha kukaza skrubu ili nisikie vizuri.

— Miye siwezi gusa mugonjwa, Sifa. Nilikuwa nalinda mama, nikalala.

— Ulilala kweli?

— Sijui. Siku hizi naona kama nililala. Maana kama sikulala, ile mahesabu niliandika mu kaye, yote ya uongo, ilitoka wapi?

Mkaendelea kuchambua sombe. Mimi nilikaa nyuma ya pazia mpaka mlipomaliza na kuingia jikoni. Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua mahesabu yale yalitoka wapi, na mtu huyo alikuwa hatua nne kutoka kwako, ameziba mdomo.

Nianze mbali kidogo ili uelewe vizuri. Wakati ule, unakumbuka, nilikuwa fundi wa fonie, zile redio za kusemea ambazo hospitali yetu iliziweka katika vituo vya afya vya mbali, kule ambako barabara hufika ikipenda. Kila asubuhi daktari aliketi karibu na fonie ya Bukavu, na waganga wa vituo wakamsomea wagonjwa wao mmoja mmoja: homa ngapi, pumzi ngapi, mapigo ya moyo mangapi. Mimi nilikaa kando, nikisikia mioyo ya watu wa msituni ikipita hewani kwa namba za Kifaransa. Nikaanza kujiuliza kama moyo wenyewe haungeweza kusema bila kusemewa na mtu.

Halafu kulikuwa na mama yako. Moyo wake uliharibika tangu usichana, kwa homa ya viungo ambayo kijijini kwao waliitibu kwa majani na subira. Daktari aliagiza mapigo yake yahesabiwe mara kwa mara akiwa amepumzika. Yakipita mia na ishirini, au yakishuka chini ya hamsini, akaitwe mbio muuguzi aliyekaa nyumba ya tatu juu yetu. Lakini mama yako hakupenda kushikwa mkono.

— Mukinishika munaniogopesha, alisema, na moyo nayo inaanza kimbia.

Alisema kweli. Kila nilipomshika kiganja mapigo yalipanda. Nilimwambia ni mapenzi, akasema ni baridi ya vidole vyangu.

Basi yule mwalimu Mzungu wa chuo cha ufundi, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia kidude cheusi chenye miguu arobaini, kirefu kama kidole cha mkono. Alikiita mikrokontrolere: kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja. Mgongoni kilikuwa na dirisha dogo la kioo. Ukitaka kukipa maagizo, unayaandika kwa ubao wa vibonye uliokuwa pale chuoni, tarakimu moja baada ya nyingine, na usikosee. Ukikosea, ni lazima ufute yote uanze upya, na kufuta kunahitaji kuliangazia lile dirisha taa ya pekee ambayo Bukavu nzima haikuwepo. Mwalimu akaniambia jua litatosha, ila litachukua kama siku nane za jua kali. Siku nane za jua kali, Bukavu, katikati ya mvua! Yeye alikuwa na tiketi ya ndege mfukoni, angeweza kucheka.

Mengine unayakumbuka kuliko mimi, kwa sababu uliyapenda. Kibanio cha sikio chenye taa ndogo nyekundu upande mmoja na jicho la kuonea mwanga upande wa pili. Damu ikipita sikioni mwanga unafifia kidogo, kidude kinaona, na kirusha sauti nilichokitengeneza kwa transista mbili kinalia pii. Redio yetu ya sebuleni ikaishika hiyo pii katika FM, bila waya wowote kati ya chumba na sebule. Mama yako alishona mfuko kwa kipande cha kikwembe, tukatia ndani kidude na betri nne, akajifunga kiunoni. Akakiita nyenje. Siku ya kwanza redio ilipolia mapigo yake ulipiga makofi, naye akapaza sauti kutoka chumbani:

— Munanisikia?

— Tunakusikia, maman!

— Basi musinisengenye. Niko umo mu redio!

Nakuandikia haya nikicheka na kulia. Nilikuwa nimesahau kwamba tulicheka vile.

Sasa nakuja kwenye kosa. Mkurugenzi wa hospitali alisikia habari za nyenje, akataka kuiona. Walikuja wageni wa mkoa, wakubwa waliovaa suti za abacost, wakakaa mstari mmoja. Nilijifunga mfuko mimi mwenyewe, nikabana sikio, redio ikalia vizuri kabisa. Lakini unajua mimi siwezi kueleza jambo bila mikono. Kila nilipoinua mkono kibanio kilitikisika, jicho likapoteza pigo, redio ikanyamaza. Nikikitengeneza, inalia. Nikieleza, inanyamaza. Mgeni mmoja mnene akasema:

— Citoyen, naona ulisha kufa, na ungali unasema!

Walicheka mpaka mkurugenzi akafuta machozi. Kisha wakaenda kunywa chai. Nilibaki peke yangu na nyenje yangu sikioni, na tangu utotoni sijawahi kuona aibu namna ile. Mimi ni mtu wa kiburi, Nabintu. Watu hudhani ni mpole kwa sababu nasema kidogo.

Nilirudi nikaandika maagizo mapya. La kwanza: kidude kisipoliona pigo, kisinyamaze, kirudie mwendo ule wa mwisho kiliouona. La pili: kikirudia kwa sekunde kumi bila kuona kitu, hapo kinyamaze. Si ujinga, ukiyatazama yote mawili pamoja. Wewe ndiye uliyenisaidia kufuta yale ya zamani. Tulikilaza kidude juu ya bati la jiko, ukakilinda, ukakiondoa kila tone la mvua lilipodondoka, ukakirudisha kila jua lilipochungulia. Ilituchukua wiki tatu kukusanya siku nane za jua. Nikaenda chuoni nikayapiga maagizo mapya, na katika agizo la pili nikakosea tarakimu moja. Nililigundua kosa jioni ile ile nilipojaribu. Nilikitoa kibanio sikioni, nikakiweka mezani, nikasubiri kinyamaze. Hakikunyamaza. Kiliendelea kuhesabu moyo wa meza.

Nikajiambia, mvua zikiisha nitasahihisha. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kukutajia bila kuinamisha kichwa. Ipo na nyingine. Nilirudi na nyenje kwa mkurugenzi, nikaeleza kwa mikono miwili, nikainama, nikaruka, ikaimba tu. Wakanipigia makofi. Nilijua vizuri kwamba kila nilipoinua mkono ilikuwa inaimba uongo, na nilifurahi. Nilimfunga mama yako kiunoni chombo nilichojua kwamba hakiwezi kusema sijui.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwishoni mwa mvua. Mchana hukuwa na darasa. Mama yako alikuwa amelala chumbani na mlango umefungwa. Mimi niliitwa kazini, fonie ilikuwa imekufa. Nilikupa saa yangu ya mkono, kaye na kalamu, nikakuagiza kila dakika kumi uhesabu pii kwa dakika moja, uandike. Nilikuambia na maneno mengine, ambayo labda umeyasahau kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi sijayasahau. Nilikuambia: usifungue mlango, ukimwamsha moyo unapanda na hesabu inaharibika, redio itakuambia.

— Ndiyo, Papa, ulisema.

Niliporudi ilikuwa saa kumi na nusu. Nilikukuta pale pale nilipokuacha, umeketi wima, magoti pamoja, sikio karibu na redio, saa yangu ikining'inia mkononi mwako. Nabintu, nisikilize vizuri hapa, kwa maana hili ndilo nililoliona kwa macho yangu: hukuwa umelala, wala hukuwa na uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Ulinyoosha kaye kwa fahari.

— Papa, iko bien. Iko inabakia bien tu. Septante-six.

Nikatazama. Themanini na mbili. Sabini na tisa. Themanini na nne. Sabini na nane. Kisha sabini na sita. Kisha sabini na sita tena, mistari kumi na moja, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wako safi. Moyo wa mtu hai haufanyi hivyo, hata akilala fofofo. Unapanda kidogo, unashuka kidogo. Nilijua kabla sijashika mlango.

Kibanio kilikuwa katika mkunjo wa shuka, taa yake nyekundu ikiwaka. Mama yako alikuwa ameanza kupoa. Na sebuleni redio iliendelea, pii, pii, pii. Jambo la kwanza nililolifanya si kumkumbatia mama yako, wala kukukumbatia wewe uliyekuwa umesimama mlangoni. Nilichomoa betri, ili asije mtu akaisikia.

Kama alikufa pale kibanio kilipotoka, au nusu saa baadaye, sijui. Kama muuguzi angefika mapema angefanya nini, nilimwuliza daktari, naye akasema labda kitu, labda si kitu. Nilimwuliza mara mbili, kwa miaka miwili tofauti, jibu likawa lile lile. Sitajipamba kwa kusema asingepona, wala sitajichapa kwa kusema angepona. Ninachokijua ni hiki: redio ilisema sabini na sita, wewe ukaandika sabini na sita. Kazi yako uliifanya bila kukosa hata mstari mmoja.

Kilio unakikumbuka. Nina hakika unakikumbuka, ingawa hatujawahi kukitaja. Siku ya tatu, uani, wanawake upande wa jiko, wanaume upande wa ukuta, tante akatoka ndani na kaye yako mkononi.

— Mutoto wa miaka onze, banamupatia mama yake amulinde, yeye anaenda kucheza! Muangalie! Septante-six, septante-six, septante-six! Alijaza yote mara moja!

— Sikucheza, tante. Redio njo ilisema.

— Redio! Redio inaweza kusema uongo namna iyi?

Ukaniangalia. Wewe na watu wote mkaniangalia, kwa sababu mimi ndiye mwenye redio. Jibu nilikuwa nalo kinywani, halikuwa refu. Nikainuka, nikasema viti havitoshi, nikatoka kwenda kuomba viti kwa jirani. Niliporudi na viti viwili, mambo yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa umeketi karibu na mtungi, hulii. Tangu siku ile sijakusikia tena ukisema kwamba redio ilisema.

Usimchukie tante yako. Alikuwa amefiwa na dada yake, akasoma kilichoandikwa, akakielewa kama mtu yeyote mwenye akili angekielewa. Mwenye kumsahihisha alikuwa ameenda kutafuta viti. Na baada ya hapo alihamia kwetu, akakulea, akakusuka nywele, akakupikia, na kila siku akakusamehe kosa ambalo hukulifanya. Nimekuwa nikiwatazama. Nadhani kusamehewa usilolitenda ni kuzito kuliko fimbo, maana mwenye kupigwa fimbo anaweza angalau kulia.

Kuna na jambo baya zaidi, nalo nililifanya kwa utulivu, si kwa kushtuka. Wiki moja baada ya maziko mvua ilikatika, jua likatoka kali. Nikaweka ngazi, nikakilaza kile kidude juu ya bati, dirisha lake likitazama juu. Ulisimama chini ukauliza:

— Papa, uko unafuta nini?

— Mambo ya zamani, nikakujibu.

Siku nane. Zile siku nane nilizosema hazipatikani za kusahihisha tarakimu moja, nilizipata za kufuta ushahidi. Asiwepo fundi yeyote, hata yule mwalimu akirudi, wa kukisoma kidude na kusema: kosa liko hapa, na mwandiko ni wa fulani. Sikutengeneza nyenje nyingine tena. Watu walisema ni kwa huzuni, nikawaacha waseme.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka minane bila kuchoka, na ingekwenda mbali zaidi kama msingechambua sombe karibu na pazia langu. Nilijidanganya kwamba umesahau. Ulikuwa unacheka, unaimba, unapata alama nzuri, na mimi kila nilipokutazama nikasema, yuko vizuri, anaendelea vizuri. Nilikuwa narudia mwendo wa mwisho niliouona, sikusogea karibu nikusikilize.

Siku hizi namkumbuka sana muuguzi mmoja wa upande wa Shabunda, mzee wa sauti nyembamba. Asubuhi moja daktari alimwuliza kwa fonie mapigo ya mtoto fulani.

— Dokteri, ile sina. Mutoto alikuwa analia na kujitupa. Sikuweza kuhesabu.

— Basi unipatie hata ya jana!

— Ya jana ni ya jana, Dokteri.

Daktari alifoka. Sisi tuliokuwa chumbani tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikamwona ni mzee asiyejua kazi. Baada ya saa moja aliita tena. Alikuwa amemngoja mtoto anyamaze, amehesabu, na namba ilikuwa mbaya, wakamtafutia gari. Nimeheshimu watu wengi wenye vyeo katika maisha yangu. Sasa natamani ningekuwa nimemheshimu huyo.

Kwa hiyo nikuombe kitu kimoja kuhusu barua zako. Unajua sisi tunavyoandika: sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu. Koko yako, mzazi wangu, aliniandikia maneno hayo hayo kutoka kijijini wiki mbili kabla hatujamzika, na mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunalisema sana, kisha tunakaa chini na kuandika kwamba wote wazima. Wewe usiniandikie hivyo kama si kweli. Kama Kinshasa imekushinda, andika imekushinda. Kama huelewi uko namna gani, andika huelewi. Na kama huna hamu ya kuniandikia kabisa, usiandike chochote. Kimya chako nitakielewa kuliko barua nzuri ya uongo, na nitajua kwamba natakiwa kupanda ndege.

Ya masomo nayasema kwa hofu, maana sina haki. Karatasi za biashara ziko katika valizi, na nafasi ile uliyoiacha ya udaktari, mwalimu wako ameniambia, haijafungwa mpaka uripoti chuoni mwenyewe. Sikuambii uende huko. Biashara ni kazi njema, na wewe ungeifanya vizuri kuliko hao ninaowaona sokoni. Kama unaipenda, ifuate. Lakini usiifuate kwa kukimbia usingizi ambao hukuulala. Kama siku moja utakaa karibu na mgonjwa ukihesabu mapigo, nataka ujue kwamba ulikwisha kuifanya kazi hiyo ukiwa na miaka kumi na mmoja, zaidi ya saa mbili bila kuondoka kitini, na hukukosea.

Mwanangu, naogopa. Niliseme hivyo hivyo. Naogopa kwamba ukishamaliza ukurasa huu hutaniita tena Papa kwa sauti ile unayoniitia. Mwanzoni nilipanga kuichomeka barua hii chini ya nguo zako, uikute Kinshasa, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nilishafungua hata fundo la kamba ya tante. Kisha nikalifunga tena. Nimekutoroka mara moja, inatosha.

Basi barua hii utaikuta juu ya mto wako ukirudi. Ni yako, uisome kwanza peke yako. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, nitakuwa hapa mezani. Ukitaka kufunga mlango, funga, sitagonga. Sikuombi unisamehe kabla hujaondoka. Hata miaka minane ukiitaka ya kufikiri, ni haki yako.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitakuomba ruhusa. Kesho alfajiri watu watakusanyika uani kukuombea safari: tante, wazee, majirani wa juu na wa chini, karibu wote wale wale waliokuwapo siku ya tatu ya kilio. Tante atataka kuanza sala, na atamwomba Mungu akusamehe ya utotoni, kama anavyoomba kila mwaka, huku wewe umeinamisha kichwa. Kesho hutakiinamisha. Ulishitakiwa mbele ya watu, haifai usafishwe kwa siri chumbani. Nitasimama kabla hajafumba macho. Jioni hii nimeyajaribu maneno mara tatu, hapa peke yangu, na mara zote tatu sauti imekatika. Hata ikikatika kesho nitaanza tena mpaka yaishe, na yataanza hivi:

Bandugu, mungojee kwanza na maombi. Siku ile Nabintu hakucheza, na hakulala. Aliandika kweli tupu. Uongo ilikuwa yangu.

Papa yako